Mayai ya kambale yakipigwa na jua, usikimbilie kuyafunika gubigubi

Wafugaji wenzangu wa kambale, kuna hili swali naulizwa karibu kila msimu: mbona kambale wa mtoni anataga kwenye majani yaliyofurika, juani kabisa, na vifaranga vinatoka, ila sisi tukiweka mayai kwenye beseni nje mengi yanageuka meupe? Mara nyingi shida ni maji au mayai hayakurutubishwa vizuri, hilo niliseme mapema, lakini jua nalo watu wanalichukulia poa. Maji ya mafuriko yana tope na rangi ya kahawia inayokula mionzi ya UV (ile ya jua isiyoonekana kwa macho) ikiwa bado iko juu juu, wakati sisi tunatumia maji ya kisima masafi, kina cha kiganja tu, mionzi inashuka mpaka kwenye yai lenyewe.

Kinachoumia ni DNA, yale maelekezo ya urithi ndani ya seli, yaliyoandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. UVB, aina ya UV iliyomo kwenye jua, inafanya herufi mbili za T zilizokaa jirani zigandane kama meno ya zipu, na kiinitete kwenye maji ya nyuzi 28 kinakimbizana kweli, ndani ya siku moja hivi kinaanguliwa, kwahiyo seli zinagawanyika huku kasoro ipo palepale. Yai lililokufa utalijua, ni jeupe na baadaye linaota ukungu. Linalodanganya ni lile linaloanguliwa kabisa halafu kifaranga kina mkia umepinda, kinazunguka palepale chini na hakiendi popote.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, samaki karibu wote wana kimeng'enya kinaitwa fotolaiesi (sisi binadamu hatuna, ndo hivyo) kinachojishika pale palipoganda na kutumia mwanga wa bluu kuziachanisha zile T. Gizani hakifanyi kazi, inabaki njia ya kukata kipande kibovu na kujaza kipya, ambayo ni ya polepole. Kuna samaki wa mapangoni huko Somalia, Phreatichthys andruzzii, hana macho, ukoo wake umekaa gizani zaidi ya miaka milioni, na mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba uwezo huo wa kujitibu kwa mwanga kashaupoteza.

Kwahiyo mimi trei naziweka chini ya paa, pembeni wazi, mwanga unaingia ila jua lenyewe haligusi maji kuanzia saa nne mpaka saa kumi, na mawingu yasikudanganye, UV inapita. Kama mayai hayajaguswa na jua kabisa, giza halina neno. Ila yakishapigwa, ukayafunika turubai jeusi kwa huruma, unayanyima dawa, yasogeze tu kivulini kwenye mwanga wa kawaida.

Na wenye zile taa za UV za kuua vijidudu, hiyo ni UVC, kali kuliko ya jua, maji ndo yapite ndani ya bomba lake, isining'inizwe wazi juu ya trei hata kidogo, na macho yako pia yaiepuke.