Pingu ziache kituoni: kwa wakaguzi kata mnaoanza kuingia madarasani

Jumanne nilimsindikiza mkaguzi kata mmoja mgeni, yaani mkaguzi wa polisi aliyepangiwa kata, kwenye kipindi chake cha kwanza shuleni. Kidato cha tatu, mikondo miwili imebanwa chumba kimoja. Nikakaa nyuma kwenye dawati lililovunjika mguu, kimya, kama mgeni rasmi aliyesahauliwa kutambulishwa. Kijana alianza vizuri. Akataja jina, akataja kata, akaandika namba yake ya simu ubaoni. Dakika ya nane akachomoa pingu. Akamwita mvulana wa dawati la mbele, akamfunga, darasa likaangua kicheko, na mwalimu wa zamu akapiga picha. Mimi nikainamisha kichwa. Kipindi kilipoisha nikamuuliza, "Yule uliyemfunga pingu anaitwa nani?" Akakuna kichwa. "Sikumuuliza, afande."

Basi haya ni kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wengine mnaoripoti kwenye kata na magwanda yaliyopigwa pasi hadi yanasimama yenyewe. Nawapenda. Mnanichosha pia. Mimi naingia madarasani tangu enzi za IGP Mwema, mkuu wa polisi nchini wa wakati ule, na Polisi Jamii, nikiwa koplo, na hakuna kosa mnalofanya ambalo sikuwatangulia kulifanya.

1. Pingu, kirungu na silaha vinabaki kituoni. Mwanafunzi akiviona hakusikilizi tena, anatazama kiuno chako mpaka kengele inapigwa.

2. Usianze na vyeo. Najua depo ilitukaririsha kutoka konstebo hadi IGP, na wapo miongoni mwenu wanaoona raha kuhesabu mabega ya watu. Mtoto wa miaka 16 hana shida ya kujua mrakibu anamzidi nini mrakibu msaidizi. Ana shida ya kujua kwamba akiibiwa simu akaja kaunta atamkuta nani, ataulizwa nini, na kwa nini asitoke pale bila namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yake. Mwambie PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inapatikana wapi na ni ya nini. Mwambie kuhusu ukomo: saa 24 za kufikishwa mahakamani na zile saa nne za mahojiano, ambazo hata baadhi yenu mnazihesabu kwa saa ya ukutani iliyoisha betri. Na mkome kumwaga vifupisho vya wakuu wetu, OCS, OCD, OC-CID, RCO na RPC kwa pumzi moja. Siku moja nilimaliza kipindi nikauliza OC-CID ni nini, msichana mmoja akajibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni dawa ya malaria.

3. Zoezi la dasta. Hili ni langu, lichukueni bure. Elewana na mwalimu mapema, kisha mwenzako wasiyemjua aingie katikati ya kipindi, achukue dasta mezani, aseme neno moja, atoke. Kila mwanafunzi aandike alichoona, peke yake, bila kunong'ona na jirani. Mara ya mwisho mwizi wangu alikuwa WP, askari wa kike, mmoja mfupi, kavaa kiraia, kichwa wazi. Kwenye karatasi alitoka na kofia, na ndevu, na mmoja akampa kisu. Halafu niliwaruhusu wazungumze dakika tano, nikawaambia waandike tena. Kisu kikawa kimeingia kwenye karatasi za safu nzima ya dirishani. Hapo huhitaji kuhubiri kwa nini mashahidi hawakai benchi moja kabla ya kutoa maelezo, wala kwa nini shahidi anasomewa maelezo yake kabla ya kusaini.

4. Gwaride la utambulisho, lile la kumpanga mtuhumiwa kati ya watu wengine ili shahidi amtambue. Hapa mnivumilie, maana nitakwenda polepole.

Nilikuwa sajenti, nimetoka kozi ya upelelezi, kichwa kimejaa PGO, kanuni zetu za kazi za polisi. Shule ya kutwa, kidato cha tatu, kama hao wa Jumanne. Nikatunga kisa: simu ya mwalimu imeibiwa ofisini na shahidi amemwona mwizi akiruka dirisha. Nikamteua msichana mmoja awe shahidi, nikamtoa nje. Nikawasimamisha wavulana watano mbele ya ubao. Mpango wangu ulikuwa wa kijanja sana, au ndivyo nilivyouona: kati ya wale watano hakukuwa na mwizi. Nilitaka darasa lione kwamba shahidi ukimpanga watu mbele yake atamshika bega mmoja tu, hata kama mwizi yuko Kigoma anakula dagaa.

Msichana akaingia. Hakutembea hata kwenye mstari. Akaenda moja kwa moja kwa mvulana wa nne, akamgusa.

Darasa likalipuka. Nikamuuliza kwa nini yeye. Akasema, "Si ndiye huyu huyu, afande? Kila kitu kikipotea ni yeye."

Mvulana alikuwa ametazama sakafu. Nikimkumbuka sasa namwona vizuri kuliko nilivyomwona siku ile. Wenzake wanne walikuwa na masweta ya shule, yeye hakuwa nalo. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimeachia mdomo. Mnaijua PGO 232, nawauliza hapa: ni watu wangapi? Wanane au zaidi, wanaofanana na mtuhumiwa kwa umri, kimo, sura na hali ya maisha. Mtuhumiwa anachagua asimame wapi. Anaruhusiwa kubadili nafasi. Anaambiwa anaweza kuwa na wakili au rafiki yake pale. Mimi nilipanga watano, nikawapanga kwa mkono wangu, na nikamweka katikati yao mtoto ambaye umaskini wake ulionekana kutoka mlangoni. Gwaride lile lingekuwa la kituoni, wakili mchanga kabisa angelichana kabla ya chai ya saa nne.

Nilipaswa kusimamisha kila kitu pale pale. Niseme: hakuna mwizi hapa, shahidi amekosea, tuulizane kwa nini. Sekunde kumi tu zingetosha. Lakini kengele ilikuwa imelia, mwalimu alikuwa anapiga makofi, na mimi, kwa kupenda mambo yangu yawe na utamu wa mwisho, nikasema, "Mtuhumiwa amepatikana! Wiki ijayo tutaona kama shahidi wetu alikuwa sahihi." Nikacheka nao. Mkuu wa shule akanipa soda baridi. Nilirudi kituoni naona nimefundisha kuliko chuo cha Moshi kizima.

Wiki iliyofuata nikapangiwa ulinzi kwenye ziara ya kiongozi. Halafu ikaja operesheni. Wiki tatu sikukanyaga pale.

Niliporudi nikauliza shahidi wetu yuko wapi, yupo. Mvulana wa nne yuko wapi? Kimya. Jina lenyewe nililijua siku hiyo, kutoka kwenye daftari la mahudhurio, kwenye safu ya vialama vya utoro. Wenzake walikuwa wameshamwita "Mtuhumiwa" tangu siku ile, mpaka wa kidato cha kwanza. Kisha michango ya mtihani wa majaribio ikapotea darasani. Walikwenda kwenye begi lake moja kwa moja. Hawakukuta kitu, wakampiga hivyo hivyo, na mmoja wao aliniambia bila hata aibu, kana kwamba ananisaidia ushahidi: "Tulijua, afande. Hata polisi walimtambua."

Hela zilionekana siku mbili baadaye. Kiranja alikuwa amezibandika ndani ya jalada la kitabu chake cha hesabu, akasahau.

Nikaenda kwao. Mama yake alikuwa nje anachoma vitumbua. Aliponiona na gwanda akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Shikamoo afande. Amefanya nini tena?" Mwanamke yule alikuwa amenizidi umri, na ndiye aliyeniamkia. Na ile "tena". Mtoto wake hakuwa amefanya kitu hata mara ya kwanza. Nikasikia mlango wa uani ukifungwa taratibu, nikajua ameondoka.

Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote, mchezo, kicheko, soda. Alisikiliza huku anageuza vitumbua, hata kimoja hakikuungua. Nilipomaliza akauliza, "Sasa haya uliyoniambia mimi, na kule shuleni utayasema?"

Jumatatu niliyasema, mstarini, mbele ya shule nzima, na sare yangu kamili. Sikumlaumu msichana. Nilieleza gwaride halali linavyokuwa na la kwangu lilivyokuwa, na nani alikosea. Mwalimu wa nidhamu hakufurahi, aliona ninashusha hadhi ya jeshi. Mvulana hakuwepo kusikia. Alirudi baada ya wiki mbili, akamaliza kidato cha nne, na jina lile alimaliza nalo. Siku hizi ana kibanda cha kuchomelea vyuma, nikipita ananiamkia. Naitikia, napita. Sijawahi kusimama.

Mkitaka kufanya gwaride, pangeni walimu. Tisa, warefu kwa wafupi hapana, wanaolingana. Mwalimu wa nidhamu awe mmoja wao.

5. Kielelezo. Kalamu moja, bahasha moja, karatasi moja. Bahasha ipite mikono mitano, kila mmoja aandike jina na saa, na mmoja mnong'oneze asiandike. Mwishoni waulize kama kalamu iliyomo ndiyo ile ya mwanzo. Ukitaka, wataje kesi ya Paulo Maduka na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2009 kuhusu kumbukumbu za kielelezo kinavyopita mkono kwa mkono, ila kwa sentensi moja, wasije wakalala.

6. Swali la rushwa litakuja. Litatoka kwa mtoto mpole kabisa: "Afande, mbona trafiki wa pale njia panda wanapokea hela?" Usikasirike, na tafadhali usimpe samaki mmoja akioza, methali hiyo imechoka kuliko sisi. Mwambie ni kosa la jinai, mwambie TAKUKURU ni 113 na simu ni bure. Mimi niliwahi kuwaambia dhamana ni haki na hailipiwi, hata bango liko kaunta. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Kama ni bure, baba alilipa nini?" Sikuwa na jibu, nikamwambia sina. Baada ya kipindi nikamwomba anitajie kituo.

7. Atakuwepo mmoja anayechelewa kutoka. Anapanga madaftari, anayapangua, anayapanga tena. Usimfuate na kalamu na karatasi kwenye korido watu wanapita. Wala usimwahidi "sitamwambia mtu", kwa sababu kwa kazi yetu utalazimika kumwambia mtu, na siku hiyo atakuona mwongo. Msikilize, usimhoji kama mpelelezi, mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto, tena nenda naye wewe mwenyewe, usimpe maelekezo ya njia. Wasiothubutu kubaki, waachie 116, simu ya msaada kwa watoto, ubaoni, na uiandike kila kipindi hata kama wameshaiona.

8. Kwata. Wataiomba, na wataipenda kuliko vyote mlivyosema. Wape dakika tano za mwisho, nje, mguu pande mguu sawa, kisha waende kula.

Na wewe wa Jumanne, Alhamisi unarudi pale, nimeshaongea na mkuu wa shule. Dakika kumi za kwanza ni za yule kijana na pingu zako, na jina lake nimekutumia kwenye simu. Zoezi la dasta lifuate. Dasta mrudishie mwalimu. Mimi ninazo tatu nyumbani, na moja ina mhuri wa shule.