Jenereta ya kuazima: ipime kabla ya kuiunga na nyumba

Umeme ulikatika Wete jioni ya Ramadhani, futari iko jikoni, nikaazima jenereta ya jirani. Ilikuwa ya fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, pamoja na nyutro, waya wa kurudishia umeme. Waya wa kupeleka nyumbani ulikuwa umefungwa kwenye fezi mbili badala ya fezi na nyutro, basi vyombo vya volti 230 vikapata 400. Taa ziling'aa kupita kiasi, pangaboi likavuma, mama akaita: "Mwanangu, mbona kwanuka kuungua?" Nikazima. Hazikufika sekunde kumi.

Likikufika hili, usiwashe tena ati unajaribu. Chomoa plagi zote, shusha breka zote, tenga waya wa jenereta na nyumba, ndipo uiwashe peke yake uipime. Kwangu tesa, ile bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme, iliwaka kwenye matundu yote mawili ya soketi ya ule waya, na ilitakiwa iwake kwenye moja tu. Lakini tesa haikwambii ni volti ngapi. Tumia mita, iweke kwenye AC, kipimo cha 600 au 750. Fezi na nyutro zikupe karibu 230.

Na swichi ya chenji ova iwepo, ile ya kuchagua ama umeme wa laini ama wa jenereta, si vyote pamoja. Bila hiyo umeme wako unaweza kurudi kwenye laini ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ukamuua fundi aliye juu ya nguzo. Hili naliomba kwa kila mwenye jenereta.

Vyombo vilivyozima msivitupe haraka. Anza na fyuzi ya ndani ya plagi. Televisheni yangu ilipofunguliwa, fyuzi ya ndani ilikuwa imekatika, na pembeni yake kidude cha duara, cha buluu, kimepasuka na kuacha masizi. Hicho ni varista: volti ikizidi hupitisha mkondo wote kwake, fyuzi ikakatika, vilivyo nyuma yake vikapona. Tulibadilisha vyote viwili kwa kipimo kilekile, na inaonyesha mpaka leo. Fyuzi kubwa zaidi, au waya wa shaba badala ya fyuzi, ni kuita moto.

Friji iliokolewa na frijigadi, kile kifaa cha kuilinda kinachokaa kati yake na soketi, maana hungoja dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme. Frijigadi yenyewe iliungua. Chaja mbili hazikufaa tena.

Siku ya pili tulipima pamoja na jirani, tukaandika kwa wino mzito juu ya jenereta yake: huu fezi, huu nyutro.