Taa za usiku kwenye bustani za makabaila: maswali yenu

Kuanzia katikati ya Novemba hadi Januari inapoingia, majumba makubwa ya mashambani hapa Uingereza hufungua bustani zao usiku. Miti huvikwa taa, maziwa huangaziwa rangi, na watu hulipa kuzunguka humo kwa miguu. Bustani ya Kew, London, ilianza onyesho lake mwaka 2013. Siku hizi utaliona jambo hilo Blenheim karibu na Oxford, Dunham Massey karibu na Manchester, na kwingine kwingi. Barua zenu ni nyingi, nimechukua hizi.

Shikamoo shangazi. Mama amekuja kutoka Tanga, magoti yanamsumbua. Ataweza kweli? (Leicester)

Marahaba mwanangu. Njia nyingi ni kilomita mbili au tatu, na kwa mwendo wa kusimamasimama hukaribia saa moja na nusu. Kumbuka njia ni ya upande mmoja. Ukishafika katikati, kurudi mlangoni ni shughuli sawa na kumaliza. Kwa hiyo piga simu kabla ya kununua tiketi, uulize mambo mawili: kama wana viti vya magurudumu vya kuazima, kwa sababu huwa vichache, na kama msindikizaji wa mtu asiyeweza kutembea vizuri anaingia bure. Sehemu nyingi humruhusu. Mama akisema haoni haja ya kiti, mwambie ni cha kuwekea mikoba.

Zaidi ya magoti, mimi naogopea miguu yake. Usimpeleke na raba za kitambaa, na wala usidhani gambuti ndilo jibu. Linazuia tope, ila mpira mtupu haushiki joto, na baada ya nusu saa vidole havisikii kitu. Mtafutie buti lenye soli nene, kubwa kwa namba moja, ili soksi mbili ziingie bila kubana. Mguu uliobanwa damu haipiti vizuri, nao hupoa upesi. Juu avae nguo kadhaa nyepesi, koti lisilopenya maji liwe la mwisho. Kanga yake ajifunge shingoni, inafaa kabisa.

Tiketi yetu imeandikwa 17:15. Tukichelewa kidogo watatukatalia? (Northampton)

Hiyo ni saa kumi na moja na robo, tuelewane hapo kwanza, maana najua familia iliyokwenda saa moja na robo usiku! Wengi huvumilia dakika chache, ila usiweke dhamana juu ya huruma ya mlinzi. Barabara za huko ni nyembamba, hazina taa, na foleni ya magari huanza mbali na geti. Ondokeni mapema kuliko simu inavyowaambia. Na kama bado hamjalipa, chukueni siku ya katikati ya wiki mwezi Novemba: bei huwa chini, na hamtatembea mkikanyagana visigino.

Sisi ni Waislamu. Je, hii ni ibada ya Krismasi? (Birmingham)

Ibada hakuna. Jina la Krismasi lipo kwenye tangazo, nyimbo za msimu zinapigwa, na aghalabu kuna mzee wa ndevu nyeupe anayewapungia watoto. Kew kuna njia ya taa iliyochongwa mfano wa madirisha ya kanisa, lakini ni pambo tu. Uamuzi ni wenu.

Mimi ningewaonya zaidi kuhusu vibanda. Mashmelo, zile peremende laini wanazouza mchome kwenye moto, mara nyingi yana jelatini ya nguruwe, na kile kinywaji chekundu cha moto chenye harufu ya mdalasini ni mvinyo. Bebeni mashmelo ya halali kama mahali penyewe wanaruhusu, au watoto wapewe chokoleti ya moto. Kuhusu swala, Desemba jua huzama hata kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo mwenye tiketi ya saa kumi na moja anaweza kuswali Magharibi nyumbani au njiani kwa utulivu.

Picha zangu za mwaka jana zilikuwa weupe mtupu. (Reading)

Zima flashi. Gusa sehemu yenye taa kwenye kioo kisha shusha mwanga mpaka rangi zirudi. Unayempiga asimame karibu na taa, zimwangaze usoni, zisiwe mgongoni. Simu iweke mfuko wa ndani, maana baridi hudhoofisha betri haraka. Ukishapata tatu nzuri, irudishe mfukoni uangalie kwa macho. Nyuma yako kuna watu.

Binti yangu wa sekondari amegoma. Anasema majumba haya yamejengwa kwa jasho la watumwa. Nimjibu nini? (Manchester)

Kwanza, usimwambie anyamaze. Ana hoja. Hapo jirani yenu Dunham Massey, mbele ya jumba, palikuwa na sanamu ya mtu mweusi aliyepiga magoti, amebeba saa ya jua kichwani. Iliondolewa Juni 2020. Mwaka huohuo National Trust, shirika linalotunza Dunham Massey na mamia ya majumba mengine, lilitoa ripoti iliyotaja majumba 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa. Jumba la Harewood kule Yorkshire, ukoo wa Lascelles ulilijenga kwa utajiri uliotokana na sukari ya Karibiani.

Ila si kila jumba lina hadithi hiyohiyo. Blenheim ilianza kujengwa 1705 kama zawadi kwa jemadari aliyewashinda Wafaransa mwaka uliotangulia, na fedha za serikali ndizo zilizoanza kazi. Sasa, usiku wa taa hautamfundisha lolote kati ya haya. Jumba lenyewe mara nyingi huwa limefungwa, na hakuna anayekueleza mti huu ulipandwa na nani. Mwambie mwende mchana mmoja, aulize maswali yake kwa wahudumu wa ndani mbele yako, kisha aamue kama anataka kurudi usiku. Akikataa bado, mwache. Tiketi moja imeokolewa, na bei yake si ndogo.

Nina kadi ya uanachama ya National Trust. Naingia bure? (Milton Keynes)

Kwa kawaida hapana. Kadi ni ya mchana. Onyesho la taa lina tiketi yake.

Mvua ikinyesha wanarudisha pesa? (Coventry)

Kwa mvua, hapana, watu huzunguka hivyohivyo. Wanachoogopa wao ni upepo mkali, kwa sababu ya matawi ya miti mikubwa. Wakifunga wenyewe, hurudisha pesa au hukupa siku nyingine, na taarifa huja kwa barua pepe, pengine saa chache tu kabla. Isome kabla ya kuwasha gari. Mwavuli uacheni nyumbani, kwenye msongamano ule utamtoboa mtu jicho. Vaeni makoti yenye kofia.