Pedi na chupi za wasichana wa bweni: hesabu kwanza

Dada, umeuliza uanzie wapi kuwachangia pedi na chupi wasichana 60 wa bweni hapa Tabora. Tangazo lisubiri, anza na matroni akupe idadi na saizi, bila majina.

Hedhi ya siku 5, pedi 4 kwa siku, ni pedi 20. Kwa hiyo pakiti moja ya pedi 8 haifiki popote; kila binti anahitaji 3 kwa mwezi, yaani pakiti 540 kwa wote 60 kwa miezi mitatu. Nunua kwa katoni. Pedi za kufua ni nafuu kwa muda mrefu, ila zinataka maji, sabuni na jua. Kiangazi maji yakiadimika, binti ataifua nusunusu na kuificha chini ya godoro kwa aibu; ikibaki na unyevu inamwasha. Ukizipeleka, ongeza ndoo zenye mfuniko na kamba ya kuanikia mahali pa faragha.

Chupi ziwe mpya (za mtumba nani azivae?). Omba pesa, siyo vitu, maana utaletewa saizi kubwa tupu. Risiti ziingie kwenye grupu la wachangiaji siku hiyohiyo. Na kugawa kusifanyike mstarini mbele ya wavulana. Matroni agawe bwenini, jioni.