Majaribio ya dawa: mshirikisheni mpiga picha mapema

Kituo kikipata jaribio la dawa, kila mtu huanza kuuliza habari za dawa yenyewe: itahifadhiwa wapi, nani ataitoa, madhara yataripotiwa vipi. Idara ya picha hupata habari mwishoni, pengine siku mgonjwa wa kwanza anapoingia na fomu mkononi. Mimi napiga picha za CT, zile za mionzi zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, hapa Kampala, na ninachowaomba wenzangu ni kimoja: mtu wa picha aisome itifaki, yaani mpango rasmi wa jaribio, kabla haijasainiwa.

Katika majaribio mengi ya dawa za saratani, jibu la kama dawa inafanya kazi hutoka kwenye picha zetu. Vigezo vya RECIST 1.1 vya kupima uvimbe wa saratani kwenye picha, vilivyotolewa 2009, humtaka daktari achague sehemu zenye uvimbe zisizozidi tano, na si zaidi ya mbili kwenye kiungo kimoja, kisha ajumlishe vipenyo vyake. Jumla ikishuka kwa asilimia 30, mgonjwa amepata nafuu ya kiasi. Ikipanda kwa asilimia 20 juu ya kiwango cha chini kabisa alichowahi kufikia, na ongezeko likawa la milimita 5 au zaidi, ugonjwa umesonga mbele, na mara nyingi dawa husimamishwa. Piga hesabu: mtu alianza na milimita 60, akashuka hadi 42. Zikiongezeka milimita 9 tu, huenda akaondolewa kwenye dawa.

Niliwahi kumpokea mama mmoja mwenye uvimbe wa milimita 12 kwenye ini. Raundi iliyotangulia alikuwa amepigiwa picha kwingine kwa kuwa mashine yake ya kawaida ilikuwa mbovu. Kufungua diski, nakuta vipande vya milimita 8, tena bila ile dawa ya kuchoma mshipani inayofanya uvimbe uonekane vizuri kwenye picha. Kwa vipande vinene hivyo, uvimbe unapaswa kuwa angalau mara mbili ya unene wa kipande ndipo uhesabike. Mama wa watu alikuwa amesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Arua, akapigwa mionzi, na picha ile haikumfaa yeye wala utafiti. Iliniuma sana.

Kwa hiyo picha ya kwanza ikishapigwa, bandikeni ukutani ilivyopigwa: unene wa kipande, usiozidi milimita 5, kiasi cha dawa ya mshipani, sekunde za kusubiri. Mashine ya akiba mkubaliane mapema ni ipi, nayo ifuate karatasi hiyo hiyo. Pumzi pia msiipuuze, maana ini hupanda na kushuka nayo. Baadhi ya wagonjwa wetu ni ndugu kutoka Kongo. Kiganda hawakijui, na sauti iliyorekodiwa kwenye mashine ni ya Kiingereza. Mfanyishe mazoezi kabla hajalala: vuta pumzi, izuie, usipumue mpaka nikwambie.

Anayedhani haya ni mambo ya Ulaya aangalie Gulu. Jaribio la GOAL lilichukua watoto na vijana 818 wa kaskazini mwa Uganda wenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki uliokuwa bado umejificha, ukionekana kwa eko tu, yaani altrasaundi ya moyo. Nusu yao walichomwa penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2, na waliosoma picha hawakujua nani amechomwa. Ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Bila eko, watoto wale wasingepatikana hata wa kuanza nao.

Picha zikienda kwa wataalamu wa nje wanaozisoma, jina la mgonjwa lisiende nazo; tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Kwenye eko na altrasaundi jina mara nyingi huwa limeandikwa juu ya picha yenyewe, na kulifuta kwenye maelezo ya faili hakuliondoi. Fungua kila picha uitazame kwa macho yako kabla ya kuituma.