Azimio la Uhuru la Marekani halikuandikwa kwenye karatasi ya bangi

Wapo wanaodai kwamba Azimio la Uhuru la Marekani liliandikwa kwenye karatasi ya bangi. Hapana ndugu, nakala ile yenye saini haiko kwenye karatasi hiyo. Si karatasi kabisa, ni ngozi ya mnyama: hulowekwa kwenye chokaa, hukwanguliwa manyoya, kisha huwambwa kama ya ngoma hadi ikauke. Aliyeiandika kwa mkono anaaminika kuwa Timothy Matlack, na wajumbe wengi wa Kongresi (bunge lao) walitia saini tarehe 2 Agosti 1776. Karatasi ilitumika kwa rasimu za Thomas Jefferson, mtunzi mkuu wa maneno ya azimio, na nakala alizochapa John Dunlap usiku wa Julai 4, na karatasi za enzi hizo zilitengenezwa hasa kwa matambara ya kitani.

Wino nao ni wa vivimbe vinavyoota kwenye mti wa mwaloni, vilivyochanganywa na chumvi ya chuma. Huo hung'ang'ania ngozi vizuri sana. Kilichoufifisha ni kuviringishwa mara kwa mara na, inasikitisha kweli, kutundikwa mbele ya dirisha Washington kuanzia 1841 kwa miaka 35 hivi!

Katiba yao ya 1787 pia ni ngozi, kurasa 4, mwandiko wa Jacob Shallus.