zoezi4_sawa_kabisa.py: je, mwanafunzi anahitaji Git?

SWALI: Habari mwalimu. Niko Kondele, Kisumu, na huu ni mwezi wa pili nikijifunza Python. Folda yangu imejaa zoezi4.py, zoezi4_mpya.py na zoezi4_sawa_kabisa.py, hata sijui tena ni ipi inayofanya kazi. Rafiki yangu ananiambia nitumie Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, lakini naona ni chombo cha kampuni kubwa. Huku stima hupotea na bando ni la kuhesabu. Itanifaa? Na kila zoezi nilifungulie tawi lake?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Rafiki yako amekushauri vyema. Ni kweli Linus Torvalds aliiunda Git mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta na mradi wa watu waliotawanyika duniani kote. Lakini amri unazohitaji wewe hazifiki kumi, na karibu zote hufanya kazi bila intaneti. Historia yako yote hukaa ndani ya kompyuta yako, katika folda iliyofichwa iitwayo .git. Bando utalihitaji siku ya git push, yaani kutuma nakala mtandaoni, na faili za msimbo ni nyepesi mno.

Matawi, yaani njia za pembeni za historia hiyo, yaache kwanza. Fungua folda moja ya mazoezi yote, andika git init (amri ya kuanzisha Git ndani ya folda) mara moja tu, kisha kila zoezi lipe folda yake ndogo humo ndani. Tawi litakufaa ukitaka kujaribu njia nyingine ya zoezi lile lile: git switch -c njia-ya-pili. Njia hiyo ikigoma, ihifadhi vivyo hivyo, kisha git switch main (kwingine huitwa master) itakurudisha ulikotoka.

Sasa lililo kubwa zaidi. Wanafunzi wengi hungoja zoezi likubali ndipo wafanye komiti, yaani kuiweka hali ya faili kwenye historia ya Git. Nakusihi, hifadhi na lile lililokosea. Tuseme unaandika programu ya muuza omena wa soko la Kibuye: gorogoro tatu, bei aiandike mwenyewe. Anaandika 200, programu inajibu 200200200. Usifute kwa hasira. Andika:

git add .
git commit -m "jumla inatoka 200200200, sijui kwa nini"

Ukishapata dawa, kabla ya kuifanyia komiti andika git diff, nawe utaona hivi, mstari wa zamani ukiwa na - na mpya ukiwa na +:

-bei = input("Bei: ")
+bei = int(input("Bei: "))

Mistari miwili tu. Hapo unaona kwa macho yako kwamba input huleta maandishi, na maandishi ukiyazidisha kwa tatu hurudiwa mara tatu. Komiti ya pili iseme hivyo hivyo: "bei ilikuwa maandishi, nimeigeuza namba". Andika kwa Kiswahili, kwa Kidholuo, kwa lugha yoyote unayofikiria nayo. Ujumbe kama "nimerekebisha" hautakuambia kitu mwezi ujao.

Kuhusu stima: Git haijui chochote ambacho hujakihifadhi kwenye kihariri chako. Bonyeza Ctrl na S kwanza, ndipo add, ndipo commit. Nayo komiti iliyo kwenye laptopu moja hufa na laptopu hiyo. Mimi diski iliniharibikia nikiwa na mazoezi ya miezi minne, na hakuna lililopona. Kwa hiyo kila wiki, ukipata mtandao wa saiba au wa rafiki, fanya git push. Ukitumia GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git, kwa anwani ya https, usishangae nenosiri lako likikataliwa kwenye terminali: tangu Agosti 2021 wanataka tokeni, msimbo wa siri wa kutumia badala ya nenosiri, ambayo unaitengeneza kwenye mipangilio ya akaunti. Usiiandike kamwe ndani ya faili za mazoezi.

Anza na hilo zoezi la nne. Chukua faili kongwe kuliko zote, iite zoezi4.py, ifanyie komiti. Nakili yaliyomo kwenye ile ya pili juu yake, komiti tena, kisha ya tatu. Zile zenye majina marefu zifute. Andika git log --oneline, na majaribio yako matatu yatajipanga, jipya likiwa juu.